Mficha Uchi Hazai: Jinsi Mkunga Anavyoweza Kumtambua Mama Anayepigwa Nyumbani

Wenzetu wa uuguzi na ukunga wakimaliza semista hii watatawanyika kwenda mafunzo kwa vitendo. Wengi wao watapitia kliniki ya wajawazito, na huko watapima presha, watapima wingi wa damu, watapapasa tumbo, watasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, kisha watajaza kadi. Yote ni ya lazima. Ila kuna jambo moja ambalo halionekani kwenye mashine ya presha wala kwenye kipimo cha mkojo, na mara nyingi mama huingia nalo na kutoka nalo bila mtu kumuuliza. Mama huyo anapigwa nyumbani.

Mimi nasoma ualimu, si ukunga. Nimeandika kuhusu jambo hili kwa sababu kiini chake ni namna ya kuuliza swali, na kuuliza swali ndiyo kazi tunayofundishwa sisi kila siku. Halafu tusidanganyane: hapa chuoni wapo dada zetu wanaohudhuria kliniki, wapo wanaoishi na wenza wao mtaani, na wapo wanaovaa mikono mirefu mwezi wa kwanza, kwenye joto lote lile. Somo hili ni la mkunga, lakini anayepimwa naye ana haki ya kujua atarajie nini.

Tuanze na ukubwa wa tatizo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2005 matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo. Dar es Salaam, wanawake 41 katika kila 100 waliowahi kuwa na mwenza walisema wamewahi kupigwa au kulazimishwa tendo la ndoa na mwenza. Mbeya walikuwa 56. Walipoulizwa kuhusu kupigwa wakiwa wajawazito, Dar es Salaam ilikuwa asilimia 7 na Mbeya asilimia 12. Baadaye, utafiti uliofanyika kwa wajawazito 1,180 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta asilimia 27 wamepigwa au kulazimishwa ndani ya ujauzito ule ule waliokuwa nao. Moshi nako, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta karibu theluthi moja ya wajawazito wamefanyiwa ukatili wa mwenza wa aina moja au nyingine.

Mtu anaweza kuuliza: mbona namba zinaruka hivi, 7, 12, 27, 30? Sehemu kubwa ya jibu ni swali lenyewe. Ukiuliza kipigo tu, unapata namba ndogo. Ukiongeza kulazimishwa kitandani, inapanda. Ukiongeza matusi, vitisho na kudhalilishwa, inapanda tena. Na tafiti hizi hazikumuuliza mwanamke kama amefanyiwa “ukatili”, maana wengi hawalioni kofi kuwa ukatili; ni “ugomvi wa kawaida”. Aliulizwa kuhusu tendo lenyewe: je, umewahi kupigwa kofi, kusukumwa, kupigwa ngumi, kupigwa teke, kuburuzwa, kukabwa? Mkunga aweke hilo akilini, tutalirudia.

Kwa nini ujauzito? Kwa sababu kipigo hapo kinawapiga wawili. Teke la tumboni linaweza kuibandua kondo la nyuma kabla ya wakati, mama akavuja damu na mtoto akafia tumboni. Utafiti wa Moshi ulionyesha kuwa waliopigwa wakati wa ujauzito walikuwa na hatari ya karibu mara tatu ya kuzaa mtoto njiti, na hatari kama hiyo ya kuzaa mtoto wa chini ya kilo 2.5. Tena si lazima ngumi imguse mtoto. Mama aliye katika hofu halali, hali vizuri, anachelewa kuanza kliniki, anaruka mahudhurio, na vidonge vya kuongeza damu vinabaki kwenye kifuko. Kama anatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI na anamficha mumewe, huenda akashindwa kuzimeza siku zote ambazo mume yupo nyumbani. Mkunga asiyejua hayo atamwandika kuwa “mzembe wa dawa”.

Dalili ni nyingi, na hakuna hata moja inayotosha peke yake. Michubuko iliyo tumboni, kwenye matiti, mapajani na sehemu za siri inahitaji kutazamwa kwa makini kuliko goti lililochubuka, kwa sababu anayeanguka kweli kwa kawaida huumia viganja, magoti na viwiko. Majeraha ya nyakati tofauti, moja limepona na jingine bichi, yana maneno ya kusema (ingawa mkunga asijidai kutaja tarehe kwa kutazama rangi ya mchubuko, rangi hudanganya). Maelezo yasiyolingana na jeraha: “niligonga mlango”, na alama ziko pande zote mbili za shingo. Maambukizi ya njia ya mkojo au magonjwa ya zinaa yanayorudi kila baada ya matibabu. Maumivu ya nyonga yasiyo na chanzo. Kukosa usingizi, kulia bila kueleza, kusema “heri nife”. Mimba zilizoharibika mara kwa mara. Kuhudhuria kwa mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi saba, na kila akiulizwa sababu, macho yanakwenda mlangoni.

Na mlangoni kuna nani? Hapa ndipo pagumu kuliko pote.

Kwa miaka mingi kliniki zetu zimekuwa zikihimiza baba aje na mama, hasa hudhurio la kwanza, ili wapime virusi vya UKIMWI pamoja. Sehemu nyingi anayekuja na mwenza huhudumiwa kwanza, na asiye naye huambiwa akalete barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Nia ni njema, na wapo akina baba wanaokuja kwa mapenzi ya kweli, wanabeba kapu, wanauliza maswali ya maana. Lakini utaratibu huo huo unamweka mpigaji ndani ya chumba cha ushauri, kwenye kiti, karibu na mkewe kuliko mkunga alivyo. Mume anayejibu kila swali linaloulizwa kwa mke ni dalili. Mume asiyekubali kutoka hata mama anapopanda kitandani kupimwa ni dalili kubwa zaidi. Na swali likiulizwa mbele yake, mama atalipia jibu akifika nyumbani, hata kama alijibu “hapana”.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni fupi: kama hamko wawili tu, usiulize. “Wawili tu” maana yake bila mume, bila mama mkwe, bila wifi, bila jirani aliyemsindikiza, na bila mtoto aliyekwisha kuanza kuongea, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu atakwenda kusimulia. Pale ambapo mama hajui Kiswahili vizuri, kama ilivyo kwa baadhi ya akina mama wa vijijini, ndugu hawezi kuwa mkalimani wa swali hili hata siku moja. Atafutwe mhudumu mwingine anayejua lugha ile, la sivyo swali lisubiri.

Na huyo mume anatolewaje bila vita? Wakunga wazoefu wana njia zao. Iliyo bora ni kuufanya uwe utaratibu wa kila mtu: kibandiko ukutani kinachosema kila mama ataonwa peke yake kwanza, halafu mwenza ataitwa. Kikiwa cha wote, hakimnyooshei kidole yeyote. Njia nyingine ni mkojo. Mama anapewa kichupa na kuelekezwa chooni, mkunga anamfuata “kumwonyesha”, na maneno mawili yanasemwa hapo. Nyingine ni kumtuma baba dirishani au mapokezi akaandikishe kitu. Si uongo wa dhambi. Ni kufungua dakika tatu.

Vipi pale ambapo chumba chenyewe ni pazia? Zahanati nyingi zina meza mbili ndani ya chumba kimoja, na anayepimwa upande wa pili anasikia kila kitu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, halikupendekeza kila mwanamke anayefika kituoni aulizwe. Linasema aulizwe pale dalili au hali yake inapoashiria, na kwamba kliniki ya wajawazito inaweza kuwa mahali pa kuuliza wote ikiwa wahudumu wamefundishwa, kuna faragha, siri inatunzwa na kuna mahali pa kumpeleka. Wapo wanaoona mwongozo huo ni wa woga. Mimi naona una akili. Swali lililoulizwa mbele ya pazia, na mhudumu asiyejua afanye nini na jibu, ni hatari kuliko kimya. Ila isiwe kisingizio cha kukaa miaka kumi bila chumba: mlango unaofungwa si kifaa cha bei ya kiwanda.

Sasa swali lenyewe. Darasani tunafundishwa kwamba mwalimu anayeuliza “mmeelewa?” atajibiwa “ndiyooo”, na hakuna aliyeelewa. Mkunga naye ana “mmeelewa” yake, nayo ni ile anayoiuliza akiwa anaandika, hajainua macho: “Hakuna matatizo nyumbani, eh?” Swali limeshajibu lenyewe. Kibaya zaidi ni “Umemuudhi nini?” maana hapo hukumu imetoka kabla ya ushahidi. “Kwani kwa nini usimwache?” nalo ni lile lile, limevaa suti.

Swali zuri lina utangulizi unaomwambia mama kwamba si yeye peke yake, kisha linataja tendo, si jina la tendo. Tuchukue mfano wa mama mwenye mimba ya wiki 28, amekuja na mchubuko mkononi.

“Shikamoo nesi.”

“Marahaba mama, karibu ukae. Leo nitaongea na wewe peke yako kidogo, ndivyo tunavyofanya kwa kila mama. Tutakayosema yanabaki hapa.”

“Sawa.”

“Akina mama wengi wanaofika hapa wana shida na wenzao nyumbani, na shida hizo zinaweza kumdhuru mtoto, ndiyo maana tunauliza. Katika mimba hii, kuna mtu amekupiga, amekusukuma, au amekutisha?”

Halafu mkunga anyamaze. Hili la kunyamaza ndilo gumu. Walimu wengi, mtu akichelewa kujibu sekunde mbili tu, tunajijibia wenyewe. Mama huyu anahitaji zaidi ya sekunde mbili, kwa sababu anapima: huyu nesi ni wa mtaa gani, anasali wapi, anamjua wifi yangu? Akisema, “Hapana nesi, niliteleza bafuni,” haibishiwi. “Sawa mama. Ikitokea siku yoyote una neno, hata usiku, hata siku ambayo si ya kliniki, njoo uniulizie.” Mlango umebaki wazi, na hilo ni tiba pia. Wanawake wengi hukana mara ya kwanza na kusema mara ya tatu.

Akisema ndiyo, je? Hapo wengi ndipo hutetemeka, na wengine hukwepa kuuliza kwa kuogopa hapo hapo: “nikishajua, nitafanya nini?” Kitabu cha mafunzo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2014 kinataja mambo matano: kusikiliza, kuuliza mama anahitaji nini, kumwonyesha kwamba anaaminiwa na kwamba si kosa lake, kumsaidia kujilinda, na kumuunganisha na msaada. Kusikiliza na kuaminiwa mkunga anayaweza leo hii bila bajeti. “Pole sana mama. Hukustahili hayo. Umefanya vizuri kuniambia.” Sentensi tatu. Kwa mwanamke aliyezoea kuambiwa na mama yake mzazi, na shangazi, na kungwi aliyemfunda, kwamba ndoa ni kuvumilia na ya chumbani hayatoki sebuleni, hizo si sentensi ndogo. Bibi zetu walikuwa na msemo wao kwa mzazi anayeona haya, mficha uchi hazai, na wakunga wanautumia leba mpaka leo. Sijui kwa nini hatuufikishi hadi kwenye jambo hili.

Kuhusu kujilinda, kuna maswali sita ya kupima ukubwa wa hatari. Je, kipigo kimezidi kuwa kikali au cha mara kwa mara katika miezi sita iliyopita? Amewahi kutumia silaha au kukutishia nayo? Amewahi kukukaba koo? Unaamini anaweza kukuua? Amewahi kukupiga ukiwa mjamzito? Ana wivu mkali wa kila saa? “Ndiyo” tatu au zaidi maana yake mama huyo asirudishwe nyumbani kama aliyekuja kuchukua vidonge tu. Mpango wa usalama unaanza pale pale. Naomba msomaji asiipite haraka ile ya kukabwa. Aliyekabwa anaweza asiwe na alama yoyote shingoni. Aulizwe kama sauti imekwaruza, kama anameza kwa shida, kama alipoteza fahamu au alijikojolea, na macho yake yatazamwe kama yana vidoa vya damu. Mwanaume aliyekwisha kumkaba mkewe ameshaonyesha anaweza kufika wapi.

Mpango wa usalama si maneno makubwa. Ni mambo ya nyumbani: usiku wa ugomvi utakimbilia kwa nani, na huyo nani anajua? Nauli ya bajaji imefichwa wapi? Kadi ya kliniki, kadi ya bima, vyeti na nguo mbili za mtoto zinaweza kukaa kwa dada au jirani? Ugomvi ukianza, asikimbilie jikoni penye visu wala bafuni pasipo na njia ya kutokea. Namba ya msaada aihifadhi kwa jina la fundi cherehani, au aikariri, kwa sababu simu yake huenda inakaguliwa kila jioni. Na mkunga asimpe kipeperushi cha “Komesha Ukatili” akaweke kwenye mkoba.

Nikiwa hapo hapo kwenye karatasi: kadi ya kliniki inarudi nyumbani. Hili ni jambo dogo linaloweza kumgharimu mtu maisha. Chochote kinachohusu kipigo kisiandikwe kwenye kadi anayobeba mama, hata kwa kifupi, hata kwa Kiingereza. Kiandikwe kwenye jalada linalobaki kituoni na kufungiwa: maneno yake mwenyewe kama alivyoyasema, jeraha liko wapi, ukubwa wake kwa sentimita, mchoro wa mwili wenye alama. “Mgonjwa anasema mumewe alimpiga teke tumboni jana usiku” ina uzito mahakamani. “Mgonjwa anadai aligombana na mume” haina. Hiyo “anadai” ni ya polisi na waandishi wa habari, mkunga haihitaji.

Msaada wa nje uko wapi? Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Baadhi ya hospitali zina vituo vya mkono kwa mkono, ambamo matibabu, ushauri, ustawi wa jamii na polisi vinapatikana sehemu moja bila kumzungusha mama mji mzima. Kuna afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Kwa upande wa sheria, kuna Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, yaani TAWLA, na Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, WLAC, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua pia wasaidizi wa kisheria walioko huko chini kwenye jamii. Mkunga makini hana haja ya kukariri majina yote nchini. Anatakiwa awe na orodha ya eneo lake, na awe amewahi kupiga simu mwenyewe kuhakikisha inapokelewa.

PF3 inasumbua vichwa vya wengi. Hiyo ni fomu ya polisi ambayo mhudumu wa afya huijaza kueleza majeraha, na inahitajika kesi ikifunguliwa. Lakini mama anayevuja damu anatibiwa kwanza, fomu itafuata. Kumwambia mjamzito aliyepigwa “kalete PF3 ndipo tukuguse” ni kumpeleka mtu polisi akiwa na kondo linalobanduka.

Kisheria pia mama anaweza kuambiwa jambo moja la wazi. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa viboko. Miaka zaidi ya hamsini imepita, na bado kuna watu wasomi wanaosema “kofi la kumfundisha”. Ni kweli kifungu hicho hakikutaja adhabu ya anayekivunja, na wanaharakati wamekilalamikia kwa hilo, lakini shambulio ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, uwe umeoa au hujaoa. Ambapo sheria yetu bado ina pengo ni kulazimishwa tendo la ndoa: kwa wanandoa ambao hawajatengana haihesabiwi kuwa ubakaji. Mkunga aujue ukweli huo ili asimwahidi mama kesi ambayo haipo. Aumie au asiumie, anatibiwa na anasikilizwa vile vile.

Uamuzi wa kwenda polisi kwa mwanamke mtu mzima ni wake. Mkunga hamripoti mume kwa siri ili “kumsaidia”. Kwa msichana aliye chini ya miaka 18 hali ni nyingine, kwa sababu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kuvunjiwa haki atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Basi msichana wa miaka 16 aambiwe ukweli huo mapema, kabla hajamwaga siri, asije akaona amesalitiwa.

Sasa nitaje kosa ambalo watu wenye roho nzuri ndio hulifanya zaidi: usuluhishi. Mkunga ni mtu mzima, anaheshimika, anamjua mume tangu utoto. Anamwita pembeni: “Mwanangu, mbona unampiga mwenzio, ana mimba.” Mume anaitikia kwa adabu zote, anaomba radhi, anashukuru. Usiku ule mke anaulizwa ni nani aliyempa ruhusa ya kupeleka mambo ya ndani hospitali. Mila zetu zinapenda kikao, na kikao kina mahali pake kwa wagombanao ambao hakuna anayemwogopa mwenzake. Mahali ambapo mmoja anamwogopa mwingine, kikao ni kumkabidhi. Na “mwache tu” nayo si ushauri. Kipindi cha kuondoka, na majuma yanayofuata, ndicho ambacho wanawake wengi huumizwa vibaya kuliko wakati wowote. Akiamua kuondoka aondoke kwa mpango. Akiamua kubaki, mkunga hanuni.

Lipo jambo jingine ambalo wenzetu wa uuguzi hawatafurahi nikilisema. Mama hawezi kumwambia siri ya kipigo mtu aliyemtukana. Sote tunajua hadithi za leba: “Ulipokuwa unafurahia hukulia,” “Sukuma, usinipotezee muda,” kofi la paja. Mwanamke anayepigwa nyumbani akifika akapigwa na kituo, atahitimisha kwamba dunia ndivyo ilivyo. Foleni ni ndefu, ni kweli, mkunga mmoja anaona akina mama hamsini kwa asubuhi moja, mshahara hautoshi. Hayo yote yanaelezea ukali. Hayamlazimishi mtu kutukana.

Na mkunga mwenyewe? Naye ni mwanamke wa mtaa ule ule, na wapo wanaokuja kazini na poda nene juu ya jicho. Mafunzo yoyote yanayomfundisha kumuuliza mteja bila kumuuliza yeye yatakwama njiani, maana atakapomsikia mama akisimulia, atasikia nyumba yake. Wengine hapo hukata maneno kwa ukali, si kwa ubaya wa moyo ila kwa kujilinda. Mkuu wa kituo anayelijua hilo hutenga muda wa wahudumu kuzungumza wenyewe kwa wenyewe, na humruhusu aliyezidiwa ampishe mwenzake kwenye kiti.

Kliniki haiishi siku ya kujifungua. Wiki ya sita baada ya uzazi mama hurudi, na hapo kuna mlango mwingine. Anayeomba sindano ya uzazi wa mpango na kusisitiza kwamba kadi ibaki kituoni, anayeuliza kama kijiti kinaonekana mkononi, anayetaka njia ambayo “mtu hawezi kuigundua”, anasema jambo. Mkunga asimhubirie kuhusu ushirikiano wa wanandoa. Ampe njia anayoichagua, aifungie kadi kabatini, ampangie tarehe ya kurudi inayoangukia siku ya gulio au siku ya kliniki ya mtoto, ili awe na sababu ya kutoka nyumbani. Kisha, mlango ukiwa umefungwa na mtoto amelala mgongoni, amuulize tena.